Mke na Mume, Mabegi Mgongoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Safari ya Visiwa na Miji ya Kusini-Mashariki mwa Asia

Majibu haya yameandaliwa kwa ajili ya wanandoa wa Dar es Salaam wanaotamani kusafiri wenyewe, bila kikundi wala wakala wa kuwaongoza, kupitia Malaysia, Singapore na Indonesia, wakilala katika nyumba za wageni za bei nafuu na kuvuka kutoka kisiwa kimoja hadi kingine kwa boti na vivuko. Ni maswali ambayo mimi na mwenzangu huulizwa na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzetu. Msimamo wetu katika yote ni kwamba kila mmoja wenu awe na uwezo wa kuendelea na safari, au kurudi nyumbani, hata kama kwa saa kadhaa au siku kadhaa mwenzake hayupo pembeni yake.

Kwa nini mnapendekeza eneo hilo kwa safari ya kwanza ya mbali, badala ya Ulaya au visiwa vya jirani?

Kwa Mtanzania, Ulaya huanza na maombi ya viza yenye nyaraka nyingi na gharama isiyorudishwa hata ombi likikataliwa. Komoro, Mauritius na Shelisheli ni nchi za kupendeza na ziko karibu, lakini usafiri kati yake hutegemea zaidi ndege, na hapo bajeti ya begi la mgongoni huisha mapema. Kusini-Mashariki mwa Asia, kinyume chake, nauli kubwa ni ile ya kutoka Dar es Salaam na kurudi. Ukishafika, treni, mabasi na vivuko ni vingi na vya bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaweza kuipanga. Magari hupita upande wa kushoto kama kwetu, chakula cha halali hupatikana kwa urahisi katika sehemu kubwa ya njia, na Kiingereza hutosha kwa mambo mengi ya msafiri, hasa Malaysia na Singapore.

Kuna sababu nyingine ambayo kwangu ina uzito. Ukisimama ufukweni Sanur, huko Bali, utaona mitumbwi iitwayo jukung, yenye matengo mawili ubavuni, na mtu aliyekulia pwani yetu ataitambua mara moja. Wanahistoria wengi wa bahari huihusisha ngalawa yetu na mabaharia wa lugha za Kiaustronesia waliovuka Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, wale wale ambao kizazi chao kiliijaza Madagaska. Ninaona ni vyema watu wa Mzizima wakaenda kuuona upande wa pili wa bahari yao.

Likizo ya siku 28 inatosha, na tupite njia gani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, ambazo zinajumuisha sikukuu zinazoangukia ndani yake. Siku hizo zinatosha, mradi msizijaze. Indonesia peke yake ina visiwa zaidi ya 17,000, na kosa linalowachosha wasafiri wengi ni kutaka kulala kila usiku mahali papya. Maeneo sita au saba kwa mwezi mzima ni mengi ya kutosha, na kila mnapofika mahali papya toeni walau usiku tatu, kwa sababu siku ya kwanza huliwa na uchovu na kutafuta dira.

Njia tunayoipendekeza haimrudishi mtu nyuma sana. Kutoka Dar es Salaam mnaunganisha ndege Addis Ababa, Doha au Dubai hadi Kuala Lumpur. Hapo, pamoja na minara pacha ya Petronas yenye urefu wa mita 452, nendeni Batu Caves, ambako ngazi 272 zinapanda hadi kwenye mahekalu ya Kihindu ndani ya mapango. Treni ya umeme huwafikisha Butterworth kwa takriban saa nne, na kivuko kifupi kinawavusha hadi George Town, kisiwani Penang. Mji huo wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008 pamoja na Melaka, na mwenyeji wa Zanzibar au wa Upanga atajisikia hayuko mbali sana na kwao anapopita kati ya msikiti wa Kapitan Keling, mahekalu ya Wachina na maduka ya Watamil yaliyopangana katika mitaa michache. Kutoka bara, yaani Kuala Perlis au Kuala Kedah, boti huenda Langkawi, kisiwa chenye msamaha wa ushuru tangu 1987.

Baada ya hapo Singapore ni hiari. Ni mji wa ghali kuliko kote kwenye njia hii, na siku mbili zinatosha kwa mwenye mfuko mwembamba. Ndege fupi huwapeleka Yogyakarta, katika kisiwa cha Java, na umbali wa kilomita 40 hivi kutoka mjini lipo hekalu la Kibudha la Borobudur, lililojengwa karne ya 9. Idadi ya watu wanaoruhusiwa kupanda juu ya hekalu hilo kwa siku ina kikomo, kwa hiyo tiketi ya kupanda hukatwa mapema. Kutoka Yogyakarta ipo treni ya mchana kutwa hadi Ketapang, ncha ya mashariki ya Java, na kivuko cha kwenda Gilimanuk, Bali, hakichukui zaidi ya saa moja hivi majini. Mimi ningempa kila msafiri treni hiyo badala ya ndege, kwa sababu mashamba ya mpunga na milima ya volkano mnayoyaona dirishani ndiyo Java yenyewe. Mnamalizia Bali, visiwa vya Gili na Lombok, na kutoka Lombok mnarudi Kuala Lumpur kwa ndege.

Twende mwezi gani?

Aprili hadi Oktoba, wakati kusi inavuma kwetu, ndicho kipindi cha ukavu Java, Bali na Lombok. Hata hivyo, Julai na Agosti bahari kati ya Bali na Lombok huweza kuchafuka, na bei hupanda kwa sababu ya likizo za Wazungu na Waaustralia, hivyo Mei, Juni na Septemba ni bora zaidi. Visiwa vya pwani ya mashariki ya Malaysia, kama Perhentian na Tioman, hupigwa na mvua na mawimbi kuanzia Novemba hadi Februari, na nyumba nyingi za wageni hufungwa.

Angalieni pia kalenda ya dini. Wakati wa Idul Fitri mamilioni ya Waindonesia hurudi vijijini kwao na tiketi za treni huisha wiki nyingi kabla. Siku ya Nyepi, mwaka mpya wa Wahindu wa Bali ambao kwa kawaida huangukia Machi, uwanja wa ndege na bandari hufungwa kwa saa 24 na hakuna anayeruhusiwa kutoka nje, mgeni naye akiwamo.

Ni nyaraka zipi tuwe nazo?

Pasipoti ya kila mmoja iwe na uhai wa miezi sita au zaidi kuanzia siku ya kuingia nchi ya mwisho, pamoja na kurasa tupu za kutosha. Ikiwa imebakiza muda mfupi, ombeni mpya kupitia tovuti ya Idara ya Uhamiaji kabla ya kununua tiketi yoyote. Malaysia na Singapore zimekuwa zikiwapokea Watanzania kwa ziara fupi bila viza ya awali. Indonesia ina utaratibu wa viza inayolipiwa wakati wa kuingia, au mtandaoni kabla ya kusafiri, kwa rupia 500,000 na kwa siku 30, kwa raia wa nchi zilizomo katika orodha yake. Orodha za namna hii hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo lisomeni jina la Tanzania kwenye tovuti rasmi ya uhamiaji ya kila nchi mwezi ule ule mnaokata tiketi, wala msitegemee maneno ya mtu aliyesafiri mwaka juzi, sisi tukiwamo. Ubalozi wa Indonesia upo Dar es Salaam na unaweza kuulizwa.

Zaidi ya viza zipo kadi za kuwasili zinazojazwa mtandaoni bila malipo. Malaysia na Singapore hutaka zijazwe ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na Indonesia nayo ina fomu yake. Tovuti yoyote inayodai fedha kwa ajili ya kadi hizo si ya serikali. Bali hutoza kila mgeni kutoka nje rupia 150,000 tangu Februari 2024, malipo yanayotengwa kwa utamaduni na mazingira ya kisiwa.

Kila mmoja abebe nakala zake mwenyewe: tiketi ya kurudi, tiketi ya kutoka katika nchi anayoingia, uthibitisho wa malazi ya siku za kwanza, taarifa ya benki ya miezi ya karibuni na barua ya mwajiri inayoonyesha tarehe za likizo. Mwenye biashara achukue nakala ya leseni ya biashara. Nyaraka zote zisikae kwenye begi la mume au simu ya mke peke yake.

Je, ni kweli kwamba maofisa wa uhamiaji huwahoji Waafrika zaidi?

Ndiyo, hutokea, na hakuna faida ya kulificha jambo hilo. Mtu anaweza kuulizwa maswali ambayo aliyekuwa mbele yake kwenye foleni hakuulizwa, na wakati mwingine huitwa pembeni. Inauma, hasa mbele ya mwenzi wako. Linalosaidia ni kujibu kwa utulivu, kwa sentensi fupi na za kweli, na kutoa karatasi mkononi badala ya kuanza kutafuta kwenye simu yenye chaji ndogo. Mnaweza kutenganishwa mkahojiwa kila mtu peke yake, ndiyo maana wote wawili mnapaswa kujua jina la nyumba ya wageni, idadi ya siku, njia mtakayopita na kiasi cha fedha mlichobeba. Mke asiyejua wanalala wapi kwa sababu mume ndiye aliyepanga, au mume asiyejua tarehe ya kurudi kwa sababu mke ndiye mwenye tiketi, humfanya ofisa atilie shaka safari iliyo halali kabisa.

Mitaani hali huwa tofauti. Watu wa Java na Lombok huwatazama wageni weusi kwa udadisi, huomba kupiga picha nao, na wengi hufanya hivyo kwa bashasha. Mna haki ya kukubali na mna haki ya kukataa kwa tabasamu.

Kuhusu chanjo na magonjwa, tujiandae vipi?

Chomeni chanjo ya homa ya manjano siku zisizopungua 10 kabla ya safari na mbebe cheti cha njano. Tangu Julai 2016 cheti hicho kinatambuliwa kwa maisha yote ya mhusika, hivyo aliyechomwa zamani hahitaji kuchomwa upya. Hata pale ambapo nchi haimdai Mtanzania cheti, kukaa Addis Ababa au Nairobi zaidi ya saa 12 mkisubiri ndege kunaweza kuwaingiza katika masharti hayo, kwa sababu Ethiopia na Kenya zimo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo.

Dengue, ambayo wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka vizuri tangu mlipuko wa mwaka 2019, ipo katika nchi zote tatu, na mbu wake huuma mchana. Dawa ya kujipaka ni ya lazima, na mwenye homa kali asinywe aspirini wala dawa za jamii ya ibuprofeni kabla ya kupimwa. Bali ina kichaa cha mbwa tangu mwaka 2008, kwa hiyo mtu akiumwa na mbwa au kuparurwa na nyani wa Ubud aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi na kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Pombe kali za kienyeji zisizo na chapa ziepukwe kabisa, kwani watu wamekufa Bali na Lombok kwa sumu ya methanoli.

Kadi ya NHIF haitawatibu huko. Nunueni bima ya safari, na someni sehemu ya pikipiki kwa makini, kwa sababu bima nyingi hazimlipi aliyeanguka na pikipiki bila leseni inayotambuliwa katika nchi ile. Ikiwa hakuna kati yenu mwenye leseni ya pikipiki hapa nyumbani, Bali si mahali pa kujifunzia.

Fedha tubebe kwa njia gani?

Kwa njia tatu, zikiwa zimegawanywa kwa watu wawili. Ya kwanza ni dola taslimu, zilizonunuliwa benki au katika duka halali la kubadilishia fedha, noti ziwe mpya na zisizo na mikunjo wala maandishi, kwa maana wabadilishaji wa Indonesia huzikataa noti chakavu au huzipa bei ya chini. Ya pili ni kadi za benki, na kila mmoja awe na kadi yake kutoka benki tofauti na ya mwenzake, ili mashine ikiimeza moja au benki ikiizuia, msibaki wote mikono mitupu. Iambieni benki nchi na tarehe kabla ya kuondoka. Ya tatu ni kadi ya mtandaoni, kama zile zinazotolewa kupitia huduma za fedha za simu, kwa ajili ya kulipia tiketi na malazi bila kuianika kadi kuu.

Singapore mnaweza kugusisha kadi ya benki kwenye lango la treni na kupita. Katika visiwa vya Gili, kinyume chake, wekeni rupia taslimu za siku zote mtakazokaa. Bali kubadilishieni fedha kwenye ofisi yenye kibali na risiti, na hesabuni wenyewe kwa mara ya mwisho kabla ya kuondoka dirishani.

Kuhusu bajeti ya siku, tunashauri mfuko mmoja wa pamoja wa chakula, malazi na nauli, na kiasi kidogo cha kila mmoja ambacho hataulizwa amekitumiaje. Ugomvi mwingi wa njiani hauanzi kwenye nauli kubwa. Huanza kwenye kahawa, zawadi na picha za kulipia.

Simu na laini zetu za Tanzania tufanyeje?

Swali hili watu hulipuuza, nalo ndilo linaloweza kuisimamisha safari. Benki zetu hutuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini ya Tanzania kila unapolipa mtandaoni. Laini ikipotea ukiwa Lombok huwezi kuirudisha huko, kwa sababu usajili wetu unahitaji alama za vidole mbele ya wakala. Hivyo basi, washeni huduma ya kutumia laini nje ya nchi mkiwa bado Dar es Salaam, hakikisheni ujumbe unaingia, kisha zimeni intaneti ya laini hiyo ili isile fedha. Kwa intaneti nunueni laini ya huko au eSIM, yaani laini ya kidijitali isiyo na kadi. Kila mmoja awe na intaneti yake. Kutegemea simu moja kuihudumia nyingine kunamaanisha kwamba mkipotezana sokoni, mmoja hana njia ya kumtafuta mwenzake.

Pakueni ramani za kila mji zitumike bila intaneti. Na mnaposoma saa za tiketi, kumbukeni kwamba Malaysia, Singapore, Bali na Lombok ziko saa tano mbele ya Dar es Salaam, lakini Java iko saa nne mbele, kwa hiyo saa yenu hubadilika mnapovuka kwa kivuko kuingia Bali.

Begi liwe la ukubwa gani?

Lita 40 kwa kila mtu zinatosha, na uzito usizidi kilo 7, ambacho ndicho kikomo cha shirika la ndege la AirAsia kwa mizigo ya mkononi yote kwa pamoja. Mabegi mazuri yaliyotumika hupatikana Karume na Kariakoo kwa mwenye subira; kagueni zipu na mikanda ya kiunoni kuliko chapa. Nguo za siku tano zafaa, kwani dobi wanaopima kwa kilo wapo kila mtaa wa wasafiri. Kanga mbili na kikoi kimoja vina kazi kuliko taulo: hufunika mabega hekaluni na msikitini, hutandikwa kwenye kiti cha basi na hukauka upesi. Betri ya akiba ya kuchajia simu ikae kwenye begi la mkononi, kamwe isiingie kwenye mizigo ya tumbo la ndege. Plagi ya pini tatu bapa tunayoitumia hapa ndiyo ya Malaysia na Singapore pia, lakini Indonesia hutumia pini mbili za mviringo.

Kabla ya safari kubwa, jaribuni mabegi hayo. Pandeni treni ya SGR hadi Morogoro mkatembee milima ya Uluguru kwa siku mbili, au vukeni hadi Mafia kupitia Nyamisati. Mtagundua ni kitu gani hamkihitaji, na pia ni nani kati yenu anayekasirika akiwa na njaa.

Boti na vivuko vya huko ni salama?

Vingi ndiyo, baadhi sivyo, na uamuzi wa mwisho ni wenu. Sisi wa pwani hii hatuhitaji kufundishwa. Tunaikumbuka MV Spice Islander ya Septemba 2011 na MV Skagit ya Julai 2012, iliyoondoka katika bandari yetu wenyewe. Indonesia nayo imeshuhudia misiba ya namna hiyo. Usiku wa tarehe 2 Julai 2025 kivuko cha KMP Tunu Pratama Jaya kilizama katika mlango wa bahari wa Bali, kwenye njia ile ile ya Ketapang hadi Gilimanuk.

Hayasemwi haya ili muogope bahari. Yanasemwa ili mvuke mchana, ikiwezekana asubuhi kabla upepo haujakua, na ili msione aibu kushuka. Angalieni taarifa za BMKG, mamlaka ya hali ya hewa ya Indonesia, jioni ya siku iliyotangulia. Mkipanda, tafuteni maboya ya kuvaa yalipo na kaeni karibu na mlango au juu, si katika chumba cha chini chenye madirisha yasiyofunguka. Boti ikionekana kuzama kupita mstari wake, au mizigo ikiwa imeziba njia za kutokea, shukeni hata kama tiketi haitarudishwa. Kubalianeni mapema kwamba mmoja akisema hapandi, mwingine habishi. Hatujapata kuona mume au mke anayejutia tiketi aliyoitupa kwa sababu hiyo.

Kati ya Padang Bai, bandari ya Bali, na Lombok upo uchaguzi wa kivuko kikubwa cha saa nne au tano na boti za kasi zinazopitia Gili. Kivuko ni cha polepole na cha bei ndogo, na mwenye kichefuchefu cha bahari atakishukuru. Mwanasayansi Alfred Russel Wallace aliona katika karne ya 19 kwamba wanyama na ndege hubadilika kwa ghafla baina ya visiwa hivyo viwili, kwa kuwa mlango huo wa bahari ni wa kina kirefu na haukukauka hata bahari ya dunia iliposhuka. Kina hicho pia ndicho chanzo cha mikondo yake mikali.

Tutaulizwa kama tumefunga ndoa?

Katika maeneo mengi ya watalii hamtaulizwa, lakini baadhi ya nyumba za wageni za Java na Lombok zinazofuata taratibu za Kiislamu huomba uthibitisho. Majimbo ya Malaysia yana sheria za kidini zinazowahusu Waislamu, na mojawapo inakataza mwanamume na mwanamke wasio na ndoa kukaa faragha. Kwa kuwa wanawake wengi wa Tanzania hubaki na jina la baba kwenye pasipoti, majina yenu hayatasema chochote. Bebeni nakala ya cheti cha ndoa, na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa ikiwa cheti ni cha Kiswahili.

Chakula je?

Hamtalala njaa. Vibanda vidogo viitwavyo warung huuza wali, mboga, tempe (soya iliyochachushwa) na samaki kwa bei ndogo, na Penang ni mahali pa kula kuliko pa kupiga picha. Bali wengi ni Wahindu na nyama ya nguruwe huuzwa wazi, hivyo Mwislamu atafute kibanda kilichoandikwa halali. Lombok, ambako Wasasak wengi ni Waislamu, hana haja ya kuuliza.

Tukifika katika mji tusioujua usiku, tufanye nini kwanza?

Bora msifike usiku. Ikilazimu, lipieni malazi ya usiku huo kabla ya kuondoka mlikotoka, andikeni anwani kwenye karatasi, na tumieni Grab au Gojek, programu za simu za kuitia gari, ambako bei huonekana kabla ya kupanda na namba ya gari hukaguliwa. Vituo vingine huzuia magari ya programu hizo kuingia ndani, nanyi mtatembea hadi barabara kuu. Asubuhi yake zungukeni kwa miguu bila mabegi, mkitambua duka la dawa, mashine ya fedha, kituo cha polisi na mahali pa kula. Kubalianeni pia sehemu moja ya kukutania endapo mtapotezana, iwe mlango wa jengo linalojulikana, si duka ambalo linaweza kufungwa.

Sheria gani tuziogope kweli?

Za dawa za kulevya. Singapore, Malaysia na Indonesia zote zina adhabu ya kifo kwa usafirishaji, na mirungi nayo imepigwa marufuku. Msipokee mzigo wa mtu yeyote, awe jirani wa Sinza anayemtumia mwanawe unga wa lishe, au rafiki mpya wa uwanja wa ndege aliyezidiwa kilo. Fungeni mabegi wenyewe na mkae nayo. Ndugu atakayekasirika kwa kukataliwa atakuja kuwaelewa. Gereza la ugenini halina msamaha wa udugu. Dawa za hospitali zibaki katika pakiti zake pamoja na cheti cha daktari. Singapore hukataza pia sigara za kielektroniki, na hata uingizaji wa chingamu.

Tukigombana njiani?

Mtagombana, kwa sababu joto, njaa na kukosa usingizi vitakuwapo, na hakuna shangazi wa kusuluhisha. Gaweni majukumu kwa zamu: wiki hii mmoja anashughulikia usafiri na mwingine malazi, wiki ijayo mnabadilishana, ili pasiwe na kiongozi wa kudumu na mfuasi wa kudumu. Kila siku chache, kila mtu awe na nusu siku ya peke yake. Mmoja aende kuogelea, mwingine akae Ubud akitazama wachonga vinyago. Watu wengine husema hiyo si safari ya wapendanao, nasi hatukubaliani nao hata kidogo. Mtu anayerudi jioni na habari mpya ni msafiri mwenza bora kuliko aliyelazimishwa kupanda mlima asioutaka.

Wazazi wanahofia, na tuna mtoto mdogo. Tuwaambie nini?

Waageni ana kwa ana, si kwa simu. Waachieni ratiba iliyoandikwa na nakala za pasipoti, na mpange siku na saa za kupiga simu. Anayebaki na mtoto apewe kadi ya bima ya mtoto na namba ya daktari wake.

Pasipoti ikipotea, au ikiibwa ya mmoja wetu?

Nendeni polisi wa mahali hapo mkaandikishe taarifa na mpate nakala yake, kwa kuwa ubalozi, bima na uhamiaji wataidai. Tanzania ina balozi Kuala Lumpur na Jakarta. Pigeni simu kwanza mjue ni nyaraka zipi zinahitajika ili mpate hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Nakala ya pasipoti, picha ndogo mbili na cheti cha kuzaliwa kilichohifadhiwa kwenye barua pepe huharakisha kazi hiyo. Hati ya dharura kwa kawaida ni ya kurudi tu, kwa hiyo safari ya aliyepoteza huishia hapo, nanyi mtapaswa kuamua kama mwingine ataendelea au mtarudi pamoja. Lizungumzeni jambo hilo Dar es Salaam, kabla halijatokea, na hakikisheni kwamba kila mmoja ana nambari za balozi zote mbili kwenye simu yake na kwenye karatasi.